Mateso ya Kristo katika Kwateti ya Nyuzi: Haydn na Tamusuza kwa Masikio ya Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Kwateti ya nyuzi ni kundi la wapigaji wanne: wawili wa fidla, mmoja wa viola na mmoja wa selo. Jina hilohilo hutumika pia kwa utungo unaoandikwa kwa ajili ya kundi hilo. Muundo huu ulikomaa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 18, hasa mikononi mwa Joseph Haydn wa Austria, na tangu wakati huo umekuwa uwanja ambamo watunzi hupimwa uwezo wao. Katika maonyesho ya siku hizi imekuwa desturi ya makundi ya aina hii kuchanganya muziki wa klasiki na muziki wa kisasa katika jioni moja. Aghalabu utungo wa kale hutangulia ili kuwatuliza wasikilizaji, wa kisasa huwekwa katikati, na wa kale mwingine hufunga onyesho. Pale ambapo utungo wa kisasa umetoka Afrika, hubebeshwa kazi ya ziada, yaani kuwa kiungo cha kukoleza chakula ambacho tayari kimekwisha kupikwa.

Makala haya yanahakiki mpangilio huo kwa kuweka pamoja tungo mbili zinazozungumzia jambo moja. Utungo wa kwanza ni Maneno Saba ya Mwisho ya Mwokozi Wetu Msalabani wa Haydn, ulioandikwa kwa okestra katika miaka ya 1786 na 1787 na kupangwa upya na mtunzi mwenyewe kwa ajili ya kwateti mwaka 1787. Wa pili ni Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, kwateti ya mwaka 1988 ya Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Mahali panapotumika kuzisikilizia tungo hizi ni Ifakara na bonde la Kilombero. Bonde hili halikuchaguliwa kwa kuwa na desturi ya kwateti, bali kwa desturi yake ya Kwaresima na ya kwaya. Hoja ya msingi ni kwamba onyesho linalochanganya ya kale na ya kisasa hupata umoja wake kutokana na kazi ambayo muziki unaifanya katika maisha ya wasikilizaji, wala si kutokana na tofauti za mitindo. Kwa kipimo hicho, utungo wa Tamusuza si mgeni anayesindikiza onyesho la wenyewe. Katika Kilombero, anayehitaji kutambulishwa ni Haydn.

2.0 Masikio ya Bonde

Bonde la Kilombero limelala kati ya safu ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Ni nchi ya maji na mpunga. Mto hufurika wakati wa masika, na mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Miongoni mwa wenyeji wake ni Wandamba, Wapogoro na Wambunga, na reli ya TAZARA iliyojengwa katika miaka ya 1970 iliongeza mchanganyiko wa watu mjini Ifakara na katika vijiji vya njiani. Wakapuchini wa Uswisi, waliofika Tanganyika mwaka 1921, walifanya kazi katika eneo hili kwa miongo mingi. Jimbo Katoliki la Mahenge liliundwa mwaka 1964, na mwaka 2012 sehemu yake ikawa Jimbo la Ifakara.

Historia hiyo imeacha tabia mbili za usikilizaji zinazohusu moja kwa moja mada hii. Ya kwanza ni kuisikia sauti nne kwa wakati mmoja. Mwanakwaya wa parokia hufundishwa mapema kushika sauti yake huku akizisikia nyingine tatu. Hujua kwamba soprano ndiyo yenye wimbo, kwamba besi ikiyumba wote huyumba, na kwamba alto na tena ndizo zinazojaza katikati. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya kwateti. Fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola na selo zimepangwa kama kwaya isiyokuwa na maneno. Ugeni wa kwateti kwake upo katika vyombo, na si katika muundo.

Hata vyombo vyenyewe si vigeni kabisa kwa msikilizaji wa Kiswahili, ingawa huletwa kwake na kumbukumbu nyingine. Fidla imezoeleka kupitia taarabu, ambayo kundi la Ikhwani Safaa la Zanzibar limeiendeleza tangu mwaka 1905. Lakini katika taarabu fidla nyingi hupiga wimbo mmoja kwa pamoja na kumjibu mwimbaji. Katika kwateti kila chombo kina njia yake, na hakuna mwimbaji wa kujibiwa. Kwa hiyo kumbukumbu ya taarabu husaidia kuitambua sauti ya fidla, lakini ni kumbukumbu ya kwaya inayosaidia kuufuata utungo.

Tabia ya pili ni kuyasikia mateso ya Kristo kama mwendo. Katika Ijumaa za Kwaresima waamini Wakatoliki hufanya ibada ya Njia ya Msalaba, wakipita vituo 14, wakisali na kupiga magoti katika kila kituo na kuimba baina ya kituo na kituo. Wimbo katika ibada hii si pambo. Kazi yake ni kuwahamisha watu kutoka tukio moja kwenda jingine, na muda wake hupimwa kwa hatua za miguu. Msikilizaji mwenye tabia hiyo anaposikia utungo unaoitwa Njia ya Msalaba, huuliza swali ambalo mhakiki wa ukumbi wa muziki huenda asiliulize: je, unatembea?

3.0 Haydn: Muziki wa Kusimama

Utungo wa Haydn uliagizwa kwa ajili ya ibada ya Ijumaa Kuu katika mji wa Cádiz, Hispania. Haydn mwenyewe alieleza baadaye namna ibada ile ilivyokuwa: kuta, madirisha na nguzo za kanisa zilifunikwa kwa vitambaa vyeusi, taa moja kubwa ikaning'inizwa katikati, na milango ikafungwa saa sita mchana. Askofu alitamka neno moja kati ya maneno saba, akalifafanua, kisha akashuka na kupiga magoti mbele ya altare. Muziki ulijaza kimya hicho. Baadaye akapanda tena kwa neno la pili, na kuendelea hivyo hadi la saba.

Masharti hayo yalizaa tatizo gumu la utunzi. Baada ya utangulizi, mtunzi alitakiwa kuandika vipande saba vya mwendo wa polepole vinavyofuatana, kila kimoja cha takriban dakika kumi, bila kumchosha msikilizaji. Haydn alikiri kwamba kazi hiyo haikuwa rahisi. Suluhisho lake linaonekana katika namna anavyolitendea neno. Wimbo unaofungua kila kipande umepimwa kwa silabi za neno husika la Kilatini, na katika chapa ya kwanza maneno hayo yalipigwa chini ya noti za fidla ya kwanza. Fidla inatamka bila ulimi. Katika neno la tano, la kiu, nyuzi hupigwa kwa vidole badala ya upinde, moja moja, kama matone yanayodondoka mbali na mdomo wa mwenye kiu. Mwishoni, baada ya polepole ya muda mrefu, huja tetemeko la ardhi: kipande kifupi, cha kasi na cha nguvu zote, kinachovunja utulivu uliojengwa kwa zaidi ya saa nzima.

Udhaifu wa utungo huu hujitokeza pale unapotolewa katika ibada yake na kupelekwa ukumbini. Bila neno kutamkwa na kufafanuliwa, vipande saba hubaki vikifuatana kama siku saba zisizo na Jumapili. Kupangwa kwa ajili ya kwateti kumeongeza ugumu, kwa sababu fidla ya kwanza hubeba sehemu kubwa ya wimbo huku sauti nyingine zikiisindikiza. Mwanakwaya mzoefu ataugundua upungufu huo haraka, kwamba kwa muda mrefu alto na tena hazina la kusema. Hii haina maana kwamba utungo ni dhaifu. Uliandikwa kuwa nusu ya kitu, na nusu ya pili ilikuwa sauti ya mhubiri. Onyesho linaloacha nusu hiyo humwonyesha Haydn akiwa pungufu.

4.0 Tamusuza: Muziki wa Kwenda

Kichwa cha utungo wa Tamusuza hakihitaji mkalimani mkubwa Kilombero. Msomaji wa Kiswahili ataliona neno msalaba ndani ya omusaalaba bila kuambiwa. Hata hivyo, utungo wenyewe haukufika mbali kwa njia ya lugha hiyo. Ulipata umaarufu mwaka 1992 pale Kronos Quartet, kundi la Marekani lililoanzishwa na David Harrington mwaka 1973, lilipotoa albamu ya Pieces of Africa. Albamu hiyo ilikusanya tungo za watunzi saba kutoka Zimbabwe, Moroko, Gambia, Uganda, Sudani, Ghana na Afrika Kusini, na ilifika nafasi ya kwanza katika orodha mbili za jarida la Billboard, ya muziki wa klasiki na ya muziki wa dunia.

Mafanikio hayo yana gharama ambayo uhakiki hauna budi kuihesabu. Katika albamu hiyo imo sehemu ya kwanza peke yake ya kwateti ya Tamusuza, Ekitundu Ekisooka. Njia imekatwa mwanzoni. Msikilizaji husikia mapigo ya haraka, nyuzi zinazopigwa kwa vidole na mianguko ya dansi ya Kiganda, kisha huhamishiwa katika nchi nyingine ya bara. Kutokana na jirani walio kabla na baada yake, kipande hicho hupokelewa kama sauti ya Afrika yenye uchangamfu. Msalaba uliomo katika jina hubaki kuwa maneno ya lugha ngeni juu ya jalada. Kwa hiyo utungo uliotoka katika imani ya mtu mahususi, wa lugha mahususi, hugeuzwa kuwa kielelezo cha bara zima.

Ukisikilizwa kwa kuzingatia jina lake, uchangamfu huo huleta maana nyingine. Msingi wa utungo ni mbinu ya Kiganda ya mapigo yanayofungamana, inayojulikana sana katika marimba ya amadinda. Marimba hayo yana vipande 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, na kila mmoja huweka pigo lake katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Wa kwanza huitwa kwa kazi yake ya okunaga, yaani kuanzisha, na wa pili kwa okwawula, yaani kutenganisha. Mpigaji wa tatu, wa okukoonera, huokota noti fulani zinazojitokeza chini na kuzirudia juu. Wimbo unaosikika haupigwi na mtu yeyote peke yake, bali hutokea kati yao.

Hapo ndipo Tamusuza anapoachana na Haydn kwa namna iliyo ya msingi. Kwa Haydn, mateso husemwa na mmoja na kusikilizwa na wengi. Kwa Tamusuza, hakuna chombo kinachoweza kuubeba utungo peke yake. Kikiondolewa kimoja, njia inakatika. Jambo hili linakubaliana na ibada inayotajwa na jina lake. Njia ya Msalaba haikamilishwi na kiongozi wa ibada, bali na kundi linalosogea kituo hadi kituo. Kurudiarudia kwa vipashio vifupi vya muziki, ambako msikilizaji wa ukumbini anaweza kukuona kama ukosefu wa maendeleo, kunafanana na kurudiwa kwa sala ileile katika kila kituo. Sala haibadiliki, lakini mahali alipofika mwenye kusali pamebadilika. Swali la masikio ya bonde linapata jibu: utungo huu unatembea.

Pamoja na hayo, ni lazima kuweka mpaka. Ukaribu wa utungo huu na Kilombero hautokani na Uafrika wa jumla. Msikilizaji wa Kipogoro aliyekulia katika ngoma ya sangula hana sababu ya kuyatambua mapigo ya Buganda kuwa yake, kama ambavyo Muganda hana sababu ya kuidai sangula. Kudai kwamba ngoma zote ni moja ni kurudia kosa lilelile la albamu, safari hii kutoka upande wa ndani. Kinachowakaribisha watu wa bonde ni vitu viwili vinavyoweza kutajwa kwa majina: ibada wanayoifanya na muundo wa sauti nne wanaouimba.

5.0 Fidla Iliyoruhusiwa na Ngoma Iliyokatazwa

Kuna jambo la kihistoria linaloupa utungo wa Tamusuza uzito zaidi kwa wasikilizaji Wakatoliki. Mwaka 1903 Papa Pius X, katika waraka wake Tra le sollecitudini, alikataza kanisani piano na vyombo vyenye makelele, na alitaja ngoma miongoni mwake. Mwaka 1955 Papa Pius XII, katika Musicae sacrae disciplina, alisifu fidla na vyombo vingine vya upinde kwa uwezo wake wa kueleza furaha na huzuni ya roho. Kwa mtu wa Kilombero wa miaka hiyo, maana ilikuwa wazi: chombo ambacho hakuwa nacho kilisifiwa, na alichokuwa nacho kilibaki nje ya mlango.

Mwaka 1963 mlango ulianza kufunguka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium, uliagiza desturi za muziki za watu wa nchi za misioni ziheshimiwe. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha nchini Uswisi kitabu chake Church Law and Bantu Music, kilichochunguza sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na namna zinavyohusu muziki wa Kibantu. Mwaka 1964, watakatifu wafiadini wa Uganda walipotangazwa huko Roma, Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha kuwatungia oratorio yenye misingi ya muziki wa Kiganda.

Tamusuza ni mrithi wa mjadala huo, ingawa utungo wake haukuandikwa kwa ajili ya liturujia. Anachukua vyombo vilevile vilivyosifiwa mwaka 1955 na kuvipa kazi ya mapigo. Upinde unawekwa kando, vidole vinaingia, na nyuzi zinafanya kazi ya marimba na ngoma. Chombo kilichoruhusiwa kinabeba ndani yake chombo kilichokatazwa. Si lazima kudai kwamba mtunzi alikusudia kuijibu hati yoyote. Inatosha kuona kwamba utungo wenyewe unaondoa msingi wa katazo. Ikiwa nyuzi nne zinaweza kupiga ngoma katika njia ya msalaba bila kuidhalilisha, basi shida haikuwa ngoma.

6.0 Mpangilio wa Onyesho

Kutokana na uchambuzi huu, mpangilio uliozoeleka unapaswa kupinduliwa. Desturi ya maonyesho hufuata miaka, ya 18 kwanza na ya 20 baadaye, au huuweka utungo wa kisasa katikati kama kipande cha nyama ndani ya mkate. Lakini katika simulizi ya mateso, njia hutangulia na maneno hufuata. Mtu hubeba msalaba kabla ya kusema kutoka juu yake. Kwa hiyo Tamusuza anapaswa kutangulia na utungo wake upigwe wote, bila kukatwa. Haydn afuate. Mpangilio huu hauhitaji nadharia ya muziki ili kueleweka, kwani kila aliyewahi kuhudhuria Kwaresima ataufuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Haydn naye arudishiwe nusu yake iliyopotea. Kabla ya kila kipande, neno husika litamkwe kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa ufupi na padre au katekista. Hilo litaondoa uchovu unaolalamikiwa ukumbini, kwa sababu kila polepole itakuwa jibu la jambo lililosemwa punde. Pia litaliweka wazi tetemeko la mwisho kuwa tukio, na si kelele ya kufungia onyesho.

Mahali na wakati vina masharti yake. Tungo hizi haziwezi kuingizwa katika Misa ya Kwaresima, kwa kuwa liturujia ya kipindi hicho huruhusu vyombo vitumike hasa kuutegemeza uimbaji. Nafasi yake ni nje ya liturujia, katika ibada au katika onyesho. Barua ya Vatikano ya mwaka 1987 kuhusu maonyesho ya muziki makanisani iliweka masharti yanayojulikana: muziki uwe wa kidini, kiingilio kiwe bure, na wasikilizaji wapewe maelezo. Programu nyingi za kuchanganya klasiki na kisasa zingekwama katika sharti la kwanza. Hii ingepita, na sharti la pili lingewaondolea watu wa bonde kizuizi cha tiketi.

Upo pia ugumu wa vifaa. Kwaresima ya Kilombero huangukia mara nyingi katika masika, na unyevu huvimbisha mbao za fidla, hulegeza gundi na kuyumbisha nyuzi. Haydn, ambaye anategemea noti ndefu za upinde zilizo safi, ataumia zaidi. Tamusuza, ambaye anategemea zaidi uhakika wa mapigo, atastahimili kwa urahisi kidogo. Hii ni sababu nyingine ndogo ya kumtanguliza, kwani wapigaji watapata muda wa kuisikiliza hewa ya mahali na kukaza nyuzi kabla ya kuingia katika polepole saba.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba tatizo la maonyesho yanayochanganya muziki wa klasiki na wa kisasa si mchanganyiko wenyewe, bali kigezo cha kuchanganya. Kigezo cha mitindo kimemfanya Tamusuza kuwa kiungo cha chakula cha wengine na kimemfanya Haydn kuwa mhubiri aliyenyimwa mahubiri. Kigezo cha kazi ya muziki kinawarudishia wote wawili kile walichopunguziwa: mmoja njia yake nzima, mwingine neno lake. Bonde la Kilombero lina masikio ya kuwapima, kwa sababu lina kwaya na lina Ijumaa za Kwaresima. Hatua inayostahili kufuata ni ya vitendo: nota za Mu Kkubo Ery'Omusaalaba ziwekwe mikononi mwa walimu wa kwaya na wanafunzi wa muziki wa Afrika Mashariki, ili utungo uliosikika California kabla ya Ifakara usomwe sasa na wale wanaojua kwa miguu yao kile unachokizungumzia.